Kinywa cha Baba Mkwe

Hakuwa na nyumba. Ile aliyokuwa nayo aliiuza mwaka aliofiwa na mkewe. Hakuwa na duka tena, wala meza ya kazi, wala kile kioo cha kubana jichoni kilichomfanya kwa miaka mingi aonekane ana jicho moja kubwa kuliko la pili. Hakuwa na nywele. Hakuwa na kauli juu ya kinachopikwa, wala juu ya stesheni ya redio, wala juu ya kuzima taa sebuleni. Hakuwa na mlango wake mwenyewe wa kutokea nje. Na hakuwa na mtu wa rika lake wa kumfungulia kinywa na kumwambia, "Hebu nichungulie hapa, wewe unaonaje?"

Meno alikuwa nayo. Ukiacha magego mawili ya nyuma, yalikuwa kamili, na ndiyo mali pekee aliyohamia nayo kwa binti yake bila kuomba nafasi ya kuiweka. Wenzake walikuwa wakitafuna kwa ufizi na kumbukumbu. Yeye bado alikuwa anavunja mfupa wa kuku na kuufyonza. Alipocheka, alicheka wazi. Kwa mtu aliyekwisha kupungukiwa na mengi, hilo si jambo dogo.

Watu walimwita Fundi Saa, na ingawa hakuwa ameshika saa ya mtu kwa muda mrefu, jina lilibaki, kama kibao kinavyobaki juu ya duka lililofungwa.

Sasa meno yake manne ya mbele, ya juu, yalikuwa yamepangiwa kung'olewa Ijumaa.

Aliyepanga alikuwa mkwewe. Mkwewe alikuwa daktari wa meno, na kliniki yake ilikuwa chini ya chumba ambamo mzee huyu alilala. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja: chini wagonjwa, juu familia. Ngazi ilikuwa moja tu, nayo ilishukia mapokezi, mbele ya meza ya dada yake Daktari. Binti wa Fundi Saa alimwita dada huyo Wifi, na kwa vile neno hilo lilisikika pale kutwa, hata wagonjwa walianza kumwita Wifi, naye akaitika. Hakuna aliyepanda wala kushuka bila Wifi kujua anakwenda wapi, anarudi lini, na mfuko aliobeba una nini.

Kutwa nzima mlio wa mashine ya kutobolea meno ulipenya sakafuni. Fundi Saa alikuwa ameuzoea. Lakini tangu apangiwe Ijumaa, kila ulipoanza alijikuta amefumba mdomo.

Maumivu yalikuwa yamemjia wiki mbili nyuma, juu, mbele, yakipiga kwa mapigo sawasawa. Aliyavumilia mpaka binti yake alipomwona ameweka kijiko chini katikati ya chakula. Basi, Daktari akamshusha kliniki baada ya wagonjwa kuisha. Akavaa glovu, akazivua, akavaa nyingine.

"Samahani, Baba," alisema. "Fungua kidogo."

Fundi Saa akafungua.

"Samahani. Kidogo tu zaidi."

Kila alipoingiza kile kioo chake kidogo alisema samahani, na macho yake yalikuwa yakikimbilia ukutani, kwenye kalenda. Kumbuka kwamba kijana huyu, mezani, alikuwa hamtazami baba mkwe wake akitafuna. Akimpa maji, alitoa kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni. Sasa alikuwa anaambiwa amtie vidole kinywani. Alimpiga picha ya eksirei, akaitazama akiwa amempa mgongo.

"Baba, haya manne ya mbele yamekufa."

"Yamekufa?"

"Yamekufa. Tuyatoe, tukuwekee mengine. Nitafanya kila kitu mwenyewe, wewe usiwe na wasiwasi."

"Sawa, mwanangu," akasema Fundi Saa.

Neno sawa ni dogo, lakini ni kama kufuli: kulifunga ni kusukuma tu, kulifungua ndiko kunataka ufunguo. Alipopanda ngazi tayari binti yake alikuwa anajua, na alipoketi tayari mjukuu wake alikuwa anauliza.

"Babu, yakitoka nitapewa moja?"

"La nini?"

"Nikawaoneshe shuleni."

"Nitakupa yote manne," alisema babu, "ukipata wa kukusimulia yalivyofanya kazi."

Watoto wakacheka, binti yake akacheka, Daktari akatabasamu huku akitazama sahani yake. Siku iliyofuata akaja fundi wa meno ya bandia na udongo wake wa kuchukulia kipimo. Siku ya tatu binti akaanza kupika vitu laini, "ili uzoee mapema, Baba." Wifi, kila mzee aliposhuka, alimwambia kwa furaha, "Dawa ya jino ni kung'oa, Mzee! Mbona wahenga walishamaliza?" Wote walikuwa wema. Tena kazi yote ilikuwa ya bure, na hapo ndipo alipozidi kubanwa. Kitu cha kulipia mtu anaweza kusema, ngoja nikaulize duka la pili. Cha bure, tena cha mkwe, unakiulizia wapi?

Angetulia, lau si maji ya baridi. Asubuhi moja alisukutua kwa maji ya bomba, na jino moja kati ya yale manne, la kushoto, likamshtua hadi machozi yakamtoka. Alisimama na kikombe mkononi. Katika kazi yake, kufa lilikuwa neno la mwisho. Saa iliyosimama hutiwa mafuta, iliyochoka hubadilishwa springi, lakini iliyokufa imekufa. Humrudishii mwenyewe ila kwa pole. Na maiti haishtuki. Kama hili limeshtuka, haya mengine je?

Alijua la kufanya, kwa kuwa watu walikuwa wakimfanyia yeye. Mteja alikuwa akiingia dukani na kuanza, "Fundi, yule wa kule amesema hii saa..." Hapo Fundi Saa alikuwa akimkata kauli: "Usiniambie. Iweke mezani, ukanywe chai." Aliamini kwamba sikio likitangulia, jicho hufuata tu. Basi naye alitaka jicho la pili, ambalo halijasikia kitu.

Alivaa koti, akashuka.

"Safari ya wapi, Mzee?" akauliza Wifi.

"Nakwenda kunyoa."

"Kunyoa nini? Nywele zipi?"

"Ndevu."

"Hizo mbili?"

"Hata mbili zina mwenyewe," alisema, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kliniki nyingine, barabara ya sokoni, yenye vioo na maua ya plastiki. Daktari wa pale alikuwa kijana mwenye kidevu kilichonyolewa vizuri. Alipoinua macho, aliinuka kitini mwake.

"Shikamoo, mzee wangu! Hunikumbuki? Nilijifunza kazi kwa mkweo. Mwaka mzima nimekula kwenu!"

Fundi Saa akajua amekwama, lakini kwa kuwa alikuwa amekwisha kaa, alisema, "Marahaba. Nataka uniangalie meno ya mbele. Usiniulize neno."

"Daktari amesemaje?"

"Ndilo hilo neno."

Kijana akacheka, kisha akaacha. "Mzee, umenibana kati ya mlango na kizingiti. Nikisema kama yeye, umepoteza muda wako. Nikisema tofauti, kesho nitamtazamaje?"

"Tazama jino. Yeye usimtazame."

"Yule ni mwalimu wangu."

Hakukigusa kioo. Alimletea chai, akamwulizia wajukuu mmoja mmoja, akamsindikiza hadi nje akimshika mkono kama mgonjwa. Njiani kurudi, ili uongo wake upate mguu wa kusimamia, Fundi Saa aliingia kwa kinyozi na kunyolewa kweli. Kinyozi, ambaye wembe ulikuwa shingoni mwa mteja na maneno kinywani mwake mwenyewe, alisikia habari ya meno bila kutajiwa mtu.

"Nenda hospitali ya serikali," alisema. "Kuna daktari mmoja mwanamke, wanamwita Mama Rudi. Watu wanakwenda kung'olewa, anawaambia rudi nyumbani, kapige mswaki. Wapo wanaomchukia kabisa."

"Kwa nini?"

"Mtu amekuja na shavu lake limevimba kishujaa, anarudishwa na jino. Inaudhi."

Alipofika nyumbani, Wifi alimpokea kwa uso unaong'aa. "Kumbe ulipitia kwa kijana wetu! Amepiga simu, anakusalimia sana. Anasema umependeza."

Jioni ile mezani safari ya sokoni haikutajwa. Daktari alichagua vipande laini vya viazi, akavisogeza upande wa sahani ya baba mkwe wake, bila kuinua macho. Akasema tu, "Baba, kama Ijumaa ni mapema, tunaweza kusogeza."

Huo ulikuwa mlango, na ulifunguliwa kwa adabu. Fundi Saa aliuona. Akafungua kinywa apite, kikatoka kile kile: "Ijumaa sawa, mwanangu."

Usingizi wa mtu wa namna hiyo haunenepeshi. Asubuhi alivaa koti tena.

"Leo wapi?" akauliza Wifi.

"Posta."

"Kuna barua?"

"Nakwenda kuuliza stempu."

Hospitali ilikuwa na benchi refu ukutani, na watu wameketi kila mmoja ameshika shavu lake kama wanaopigwa picha ya pamoja. Alingoja hadi benchi likabaki na watu wachache. Mama Rudi alikuwa mfupi, mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni.

"Kaa. Nini kinakusumbua?"

"Angalia mwenyewe."

Akamtazama juu ya miwani. "Mzee wangu, mimi daktari, sipigi ramli."

"Meno ya mbele. Juu."

"Umeangaliwa na mwingine?"

"Hapana," alisema, kwa ajili ya ile sheria ya dukani.

Hakusema samahani. Alimwinua kidevu kama mtu anayeinua kifuniko cha sufuria, akaleta taa, akamkazia macho. Akagonga kila jino kwa mpini wa kioo, "Hapa? Na hapa?" Kisha akachukua pamba iliyotiwa ubaridi na kuigusisha. La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, lile la kushoto, Fundi Saa aliruka nusura amng'ate kidole.

"Ahaa! Huyu yuko macho," alisema Mama Rudi, akionekana kufurahi. La nne aligusa mara mbili. "Hapa?"

"Kama kuna kitu. Kama hakuna."

Akampeleka chumba cha picha, akamrudisha, akainua picha kwenye mwanga. "Umewahi kugongwa mdomoni?"

Lilikuwa jambo la zamani, wakati binti yake hajazaliwa. "Saa ya ukutani," alisema. "Nilikuwa naitundika kwenye ofisi moja. Ikanidondokea."

"Ikavunjika?"

"Nani, saa? Inatembea mpaka leo."

"Basi yaliyosimama ni meno. Haya mawili yalikufa siku nyingi, ndiyo sasa yanalalamika."

Lile neno. Aliliacha limwingie lote. Kumbe kwa haya mawili Daktari hakukosea, na yeye mzee amemzunguka mkwewe mji mzima bure. "Basi yang'oe," alisema.

"Nani kakwambia ning'oe?"

"Si umesema yamekufa?"

Mama Rudi aliweka picha chini. "Mzee, jino likifa halizikwi. Kilichokufa ni mshipa wa ndani. Jino lenyewe limeshikwa na mfupa, na mfupa wako ni mzima, unanitia wivu. Tunatoboa kwa nyuma, tunasafisha mzizi, tunauziba. Linaweza likakaa miaka likifanya kazi. Au linaweza likakataa, nisikudanganye, mengine hukataa. Hapo ndipo tutazungumza habari ya kung'oa."

"Hayo mawili. Na hili lililoshtuka?"

"Hili liache. Halijakukosea."

"Na la nne?"

"Sijui."

Hakuna daktari aliyewahi kumwambia hivyo. Alimtazama vizuri.

"Sijui," akarudia Mama Rudi. "Picha yangu haioneshi sawasawa. Ningepata ile ya kwanza ningelinganisha."

"Ya kwanza ipi?"

"Hiyo unayonificha. Mtu ambaye hajaangaliwa hasemi 'basi yang'oe' kama aliyekuja na hukumu mfukoni. Nani kakuangalia?"

Fundi Saa akashika kingo za kiti. "Mkwe."

"Mkwe wako daktari wa meno?"

"Ana kliniki. Yeye yuko chini, mimi niko juu."

Mama Rudi alicheka mpaka akavua miwani. "Haya! Alikuuliza kama umewahi kugongwa?"

"Hapana."

"Angeuliza vipi? 'Baba, nani alikupiga mdomoni?'" Akacheka tena, kisha kicheko kikamwisha. "Alikutia ubaridi?"

"Hapana."

"Alifanyaje?"

"Alisema samahani."

Nje ya mlango mtu mmoja alikohoa kukumbusha kwamba kuna foleni. Mama Rudi akavaa miwani. "Sikiliza. Kutibu hayo mawili ni kurudi mara tatu au nne. Kila mara umelala, umefungua kinywa, na mtu yuko juu ya uso wako muda mrefu. Kung'oa ni mara moja na ganzi. Simjui mkweo, sitamsema. Lakini kaombe nakala ya picha. Kinywa ni chako, si cha ukoo. Mwulize, tukingoja itakuwaje? Mwulize, kuna njia gani nyingine? Na mwulize, kinywa kingekuwa chake angefanyaje? Daktari mzima haogopi hayo."

"Niandikie basi, nimpelekee."

"Nikiandika mimi, atasoma mwandiko wangu, hatasikia maneno yako."

"Akiona vibaya?"

"Hapo sina dawa," alisema Mama Rudi, akaita, "Anayefuata!"

Kwa hiyo alirudi na jibu alilokuwa akilitafuta, na likamwelemea kuliko swali. Kabla ya hapo alikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi mtu anaweza kuumeza. Sasa alikuwa anajua. Meno yake yanaweza kubaki, na njia pekee ya kuyabakisha inapita mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe hawezi kumwambia neno. Alipanda ngazi akishika ukuta. Wifi alimwuliza kama stempu zipo, akajibu zipo.

Mchana binti yake aliingia chumbani na nguo zilizofuliwa. Akakaa kitandani, akaanza kukunja.

"Baba, ulikwenda kwa yule kijana."

"Nilikwenda kunyoa."

"Baba."

"Kinyozi nilikwenda. Muulize."

Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Mume wangu hana raha. Tangu akuangalie, usiku halali. Jana mgonjwa mmoja amempeleka kwa daktari mwingine. Nilimwuliza, hakuna njia nyingine zaidi ya kung'oa? Akasema ipo, lakini atakuumiza siku baada ya siku, wewe umelala hapo unamwangalia. Anasema afadhali iwe mara moja, yaishe."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Na wewe kwa nini humwambii yeye?"

Mashine ikalia chini. Wote wawili walingoja inyamaze.

"Mwambie wewe, mama," alisema Fundi Saa. "Mwambie nimetazamwa. Mwambie mawili yanatibika."

"Hapana, Baba." Alisema polepole, bila kuinua macho kutoka kwenye nguo. "Nikibeba neno lako nikampelekea, nikabeba lake nikakuletea, nitakuwa mlango wenu. Na mlango unapigwa pande zote mbili. Kaa naye usiku mezani, umwambie. Nitawatoa watoto."

Akawatoa kweli. Walibaki wawili, na mboga laini katikati.

"Daktari," alisema Fundi Saa.

"Naam, Baba." Akaweka kijiko chini, akainamisha kichwa, mikono mapajani, kama mtoto anayengoja kutumwa.

Utamwambia nini mtu aliyekaa hivyo? Mkwe aliyekupa chumba, anayekusogezea vipande laini, asiyewahi kukujibu kwa sauti? Maneno aliyoyapanga mchana kutwa yalifika kwenye yale meno manne, yakasimama.

"Chumvi," alisema.

Daktari akampa chumvi, kwa mikono miwili.

Hapo Fundi Saa akaelewa kwamba mezani haitawezekana, si leo wala Ijumaa. Mezani yeye ni Baba, na Baba hana meno. Ana heshima tu. Palihitajika mahali pengine, ambapo yule ni daktari tu na huyu ni mgonjwa tu. Kwenye kiti cha kliniki pasingefaa, maana huko mdomo u wazi na ulimi hauna nafasi. Alfajiri aliamka, akasogeza kiti dirishani, akachukua karatasi. Shule aliipata ukubwani, jioni baada ya kazi, na katika yote aliyofundishwa, kuandika barua iliyonyooka ndiko alikokushika vizuri zaidi. Aliandika bila kukata neno:

"Daktari,

Nakuandikia nikiwa mgonjwa wako. Baba wa mkeo yuko juu, mwache apumzike.

Uliponiambia meno manne yamekufa nilisema sawa. Niliisema kwa heshima, na heshima si ridhaa. Kwa barua hii naiondoa sawa yangu. Ijumaa sitashuka kung'olewa.

Nimetazamwa na daktari wa hospitali ya serikali. Sikumtajia ulichosema. Naye amesema mawili yamekufa, basi kwa hayo hukukosea neno. Mimi ndiye niliyelisikia kwa sikio la fundi saa, nikadhani kilichokufa hakina kazi tena. Amesema yanaweza kutibiwa yakakaa, ingawa hakuahidi. Moja li hai. Lilishtuka kwa baridi. La nne hakulijua, anataka kuona picha yako. Naomba nakala yake.

Hukuniuliza kama nimewahi kugongwa mdomoni. Najua kwa nini hukuuliza. Ilikuwa saa ya ukutani, zamani sana, na hakuna aliyenipiga.

Naomba unijibu mambo matatu. Tukingoja, itakuwaje? Njia nyingine ni zipi? Kinywa kingekuwa chako, ungefanyaje?

Ukiona mkono wako hauwezi, niandikie kwa yule mama pamoja na picha. Sitaona vibaya, wala asiwepo wa kuona vibaya. Ukiona unaweza, nitakuja kama wanavyokuja wengine, nitakaa kwenye benchi, nitafungua kinywa chote. Nina ombi moja: usiseme samahani.

Wako,
Mgonjwa."

Aliisoma mara moja, akaikunja, akaandika juu ya bahasha anwani ya kliniki, pamoja na namba ya sanduku la posta. Hakuifunga. Akavaa koti, akashuka.

"Posta tena?" Wifi aliuliza, safari hii bila kucheka. Kisha akaiona bahasha, na anwani. "Mzee! Hii si ya hapa hapa?"

"Ya hapa."

"Nipe basi nimwekee mezani, yuko humo ndani. Utatembea jua lote hili kwenda kununua stempu, ili barua irudi pale ulipotoka?"

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa juu ya meza, mnene, mwema, una pete. Ilikuwa rahisi mno. Ndani ya chumba mashine ilianza kulia, ikasimama, na sauti ya Daktari ikasikika ikimwambia mtu, bila wasiwasi wowote, "Fungua zaidi. Zaidi. Hivyo hivyo."

"Wifi," alisema Fundi Saa, "ukimpa wewe, itakuwa imetoka kwa baba mkwe. Ataisoma amesimama, na jioni atanipa chumvi. Ikija na barua za wagonjwa, ataikata kwa kisu kama nyingine zote, aisome amekaa."

Wifi akaurudisha mkono. "Kesho naenda kufungua sanduku," alisema kwa sauti ya chini. "Nitaiweka pamoja na nyingine. Katikati."

"Nitashukuru."

"Lakini Mzee, dawa ya jino..."

"Naijua," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wiki zile mbili alicheka wazi, manne yote ya mbele yakionekana. "Hao wahenga walikuwa na daktari gani?"

Posta ilikuwa na kaunta ya mbao na sahani ya gundi iliyokauka. Alinunua stempu, akaibandika, akainyoosha kwa kidole gumba. Kisha akatoa ulimi, akaupitisha chini ya yale meno, akalamba ukingo wa bahasha kutoka pembe hadi pembe. Ilikuwa chungu kidogo. Akaifunga, akaikandamiza juu ya kaunta kwa kiganja mpaka ikashika, akatoka nje kwenye sanduku jekundu, akaisukuma katika ule mdomo wa bati, na hakuondoa mkono hadi alipoisikia imeanguka.